Hofu ya bodaboda haifutiki, inafunikwa

Wale mliowahi kuanguka na pikipiki na mpaka leo mkisikia tu eksozi nyuma yenu moyo unaenda mbio, hii ni yenu. Mimi goti lilichanika, na baada ya hapo hata boda ikipiga honi mbali huko viganja vinalowa jasho, nikawa napanda daladala tu hata kama foleni haisogei. Na kumbe kukwepa kule ndo kulikuwa kunailinda hofu, maana ubongo haupati nafasi ya kuona boda imefika salama.

Iko hivi. Ndani ya ubongo kuna amigdala, vinundu viwili vidogo, hivyo ndo vinaunganisha mlio na maumivu na vikishaunganisha havisahau. Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, aliliona hili kwa mbwa wake waliozoea kuwa mlio unaleta chakula na mate yanawatoka, ukipiga mlio bila kuleta chakula mate yanakata, ila mpumzishe kidogo umpigie tena, mate yanarudi yenyewe. Yaani hakuna kilichofutika! Unachofanya ni kujifunza kitu kipya juu ya kile cha zamani, na hicho kipya kinatunzwa na sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndo inaikanyagia breki amigdala. Mwaka 2002 watafiti Milad na Quirk walionyesha kwa panya kwamba seli za hapo ndo zinaamka panya akikumbuka kuwa mlio hauleti tena shoti ya umeme.

Shida ni kwamba hofu ya zamani inakufuata kila mahali ila usalama mpya unashikamana na pale ulipojifunzia, hiyo ni kazi ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayokumbuka mahali. Mimi mtaani kwetu nilishazoea kabisa kupanda boda tena, nikapanda Kariakoo mwili wote ukatetemeka kama mwanzo. Usikate tamaa hapo, ni kawaida kabisa, we badilisha njia, badilisha dereva, panda asubuhi, panda jioni. Na kabla hujakaa jiambie wazi unachoogopa, "tutaanguka pale kwenye kona," afu kona ikipita angalia kimetokea nini, maana ubongo unajifunza zaidi pale ulichotegemea kisipotokea. Usiku lala vizuri, usingizi ndo unaishikisha kumbukumbu mpya.

Helmeti vaa, dereva anayekimbiza mwambie apunguze, akigoma shuka. Na kama unaota ajali kila usiku au barabara yenyewe huwezi kuikaribia, muone mtaalamu wa saikolojia muifanye hii kazi pamoja.