Kufuli la mazoezi lililokatwa ubavu: nilivyolitumia mimi

Mkuu, umeuliza kama ununue lile kufuli la mazoezi lililokatwa ubavu, ambalo pini zake unaziona zikipanda na kushuka, au uanze moja kwa moja na makufuli ya kawaida, kwa kuwa unataka kuingia kwenye ufundi funguo. Mimi nilikaa na fundi wangu Kariakoo miaka mitatu kabla sijaweka meza yangu, na njia zote mbili nimezipita. Lipate, lakini usiishi nalo. Wiki mbili zinatosha kabisa.

Kwanza elewa utakachokiona. Ndani ya kufuli kuna silinda ndogo inayozunguka, na juu yake kuna mashimo, mara nyingi matano. Kila shimo lina pini mbili zilizopandana na springi inayozisukuma chini. Ufunguo wake ukiingia, pale pini mbili zinapokutana panalingana na ukingo wa silinda kwenye mashimo yote kwa mpigo, na silinda inazunguka. Mpangilio huu tunao kutoka kwa Linus Yale wa Marekani na mwanawe, ambaye mwaka 1861 alipata hataza ya kufuli la ufunguo mdogo bapa kama huu wa mfukoni mwako.

Sasa, hakuna kiwanda kinachotoboa mashimo matano yakakaa kwenye mstari mmoja kamili. Ukiisukuma silinda kidogo tu kwa kijichuma cha kukazia, pini moja inabanwa kwanza, zilizobaki bado zinacheza. Unainyanyua hiyo iliyobanwa hadi ukingoni, silinda inasogea kiasi cha unywele, halafu inabanwa nyingine. Ndiyo kazi yote hiyo.

Fundi alinieleza hivyo zaidi ya mwezi na bado sikuwa naelewa. Siku moja akachukua silinda ya kitasa kibovu, akaibana kwenye jiliwa, akaanza kuila ubavu kwa tupa, taratibu, huku akipuliza chenga za shaba. Yalipotokeza madirisha membamba matano akaacha hapo hapo. Dirisha likizidi upana wa pini, pini na springi zinaruka nje na kazi imeisha. Akaiosha kwa mafuta ya taa na brashi, akanipa.

Nilipoingiza kulabu, kile kijichuma chembamba cha kunyanyulia pini, nikaona kitu ambacho nisingekijua kwa maneno. Ncha ilikuwa kwenye pini ya nne nilikotaka, lakini shingo ya kulabu ilikuwa inainyanyua pini ya kwanza bila mimi kujua. Pini ya kwanza ikipandishwa kupita kiasi, pini yake ya chini inavuka ukingo na kukwama, na hapo hakuna kingine cha kufanya ila kulegeza na kuanza upya. Mkononi, pini iliyopanda kupita kiasi na pini ambayo haijafika zote zinagoma, na anayeanza hawezi kuzitofautisha. Jicho linazitofautisha mara moja. Kwa hilo peke yake kufuli la kukatwa linalipa bei yake.

Ubaya wake ni kwamba jicho linapenda kufanya kazi ya mkono. Baada ya siku nne nilikuwa nalifungua haraka sana, nikapewa kufuli zima, nikakaa nalo mchana kutwa bila kitu. Fundi akachukua tepu nyeusi ya mafundi umeme akaziba madirisha. Akaniambia niguse pini, niseme kwa sauti: “Ya tatu inagoma, ya kwanza imeshakaa, ya tano inacheza.” Kisha ndipo nibandue tepu nitazame. Nikikosea, naziba tena. Mkuu, zoezi hili ndilo lililonifundisha. Pini inayocheza inakurudishia springi laini. Iliyobanwa ni ngumu. Ikikaa unasikia mlio wa “tik” mdogo sana, tena unausikia kwa kidole kuliko kwa sikio. Na usikaze sana. Ukikaza kwa nguvu pini zinabanwa nyingi kwa pamoja na huwezi kujua ipi ni ipi.

Yale ya plastiki ya kung'aa sikushauri. Mashimo yake yamelegea, pini hazibanwi vizuri, mkono unazoea kitu ambacho hutakikuta kwenye mlango wa mtu.

Pia ujue mipaka yake. Vile vitasa vya milango ya mbao vyenye ufunguo mrefu wa duara havina pini, vina bamba zinazonyanyuliwa, na hilo ni somo lingine. Hobbs, Mmarekani aliyefungua makufuli mawili yaliyosifika kule London mwaka 1851, moja lilikuwa la bamba. Na makufuli mazuri ya pini huwa na pini zenye kiuno: silinda inazunguka kidogo kama inataka kufunguka, halafu inaganda. Hapo inabidi ulegeze mkono, silinda irudi kidogo, ndipo pini ipite.

Mazoezi fanya kwa kufuli lako tu, na lisiwe la mlango unaotumika, kwa sababu pini huweza kuharibika. Kwa kazi ya mteja, mimi sigusi kitasa mpaka mwenye nyumba au mjumbe wa mtaa awe amesimama pale, hata kama mpangaji analia kwamba mtoto yuko ndani. Mjumbe huja mbio akisikia mtoto.

Usianze na kufuli lililokaa kwenye geti la Kigamboni au Msasani. Chumvi ya bahari inazigandisha pini zote na utadhani zimebanwa. Tafuta silinda kuukuu kwa wauza vyuma chakavu, isafishe, weka unga wa penseli badala ya oili, maana oili inashika vumbi. Ukianza kukata ya kwako, piga picha dirisha la kwanza likitokeza, kabla hujaendelea na tupa, nikuangalizie.