Usianze na sofa: niliyojifunza nikipanga sehemu ya wanafunzi kukaa

Chuo nilichokuwa nafanyia kazi kilinikabidhi chumba kimoja kikubwa, zamani stoo ya karatasi za mitihani, pamoja na fungu la fedha la kukigeuza kuwa mahali pa wanafunzi kupumzika na kujisomea. Nilikuwa na miaka minne katika ofisi ya majengo, nikajiona najua. Nikanunua sofa kumi na mbili rangi ya maziwa, meza fupi za vioo, na zulia. Siku ya uzinduzi picha zilipendeza kweli.

Kufika wiki ya sita, maziwa yalishageuka chai. Vioo viwili vilikuwa vimepasuka, na waliokuwemo ndani walikuwa wamelala wakisubiri kipindi. Wenye kusoma walikuwa nje, kwenye vimbweta. Kwa msomaji asiyetoka Tanzania: kimbweta ni meza ya zege na viti vyake vya zege, vimejengwa palepale ardhini. Ukipita Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, utaviona chini ya miti vimejaa watu na madaftari.

Jambo hilo lilinisumbua. Kimbweta ni kigumu, hakina mgongo wa kuegemea, na huwezi kukisogeza hata inchi. Kwa nini kikashinda sofa zangu?

Basi nikafanya nilichopaswa kufanya kabla ya kununua chochote: nikaenda kukaa. Wiki mbili nzima, asubuhi saa mbili, mchana saa nane, usiku saa mbili, na daftari langu mkononi. Niliona makundi ya watu watatu hadi sita, kompyuta moja katikati na vichwa vyote vimeielekea. Niliona matofali yaliyoletwa na wanafunzi wenyewe kuongeza viti. Usiku waliokosa nafasi walikaa kwenye ngazi za jengo la utawala, kwa sababu taa ya pale haizimwi. Na hakuna aliyemwomba mtu ruhusa. Chumba changu kilikuwa na mlango, mlinzi, na amri ya kufungwa saa kumi na mbili jioni, yaani saa ileile diskasheni zinapoanza.

Waliojenga nyumba za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar walilijua hili zamani. Baraza ya mawe iko nje ya mlango, imeshikana na ukuta. Mgeni anakaa, anaongea na kuondoka bila kuingia ndani ya nyumba ya mtu. Kwa hiyo kama una fedha kidogo tu, usitafute chumba. Jenga benchi refu kwenye korido ambako wanafunzi tayari wanasimama kusubiri, weka taa na soketi, uone.

Sisi chumba tulikuwa nacho, tukakirudia. Sofa nilibakiza tatu, nyingine zikaenda kwenye ofisi ambako kila mtu alizipenda. Tatizo la sofa na meza zake fupi halikuwa uchafu tu, lilikuwa kimo. Meza ya sebuleni ina sentimita 40 au 45 kutoka sakafuni. Ukifungulia kompyuta hapo unainama kama anayefua kwenye beseni. Meza ya kusomea inataka sentimita 72 hadi 75, na kiti chake 43 hadi 46. Safari hii niliagiza kwa fundi wa mtaani meza za sentimita 120 kwa 60, fremu ya skwea paipu, juu plaiwudi nene iliyopigwa fomaika. Ukiunganisha mbili unapata mraba wa watu sita hadi wanane. Sharti nililompa fundi lilikuwa moja: wanafunzi wawili waweze kuinyanyua bila kumwita wa tatu.

Meza nne niliziwekea magurudumu, nikajuta. Kwenye vigae zinateleza vizuri. Kwenye sementi yenye nyufa zinakwama, na ile breki ndogo ndiyo ya kwanza kuvunjika. Afadhali fedha hiyo ununulie mipira ya miguu ya viti, kwa sababu chuma kikiburutwa sakafuni jengo zima linajua. Viti vya plastiki vyenye mikono navyo sivipendekezi. Miguu yake hutanuka kwenye vigae, na siku mtu akiegemea nyuma kidogo, darasa zima linapata cha kucheka muhula mzima.

Soketi ndizo zinazoamua watu wakae wapi. Weka nyingi, mbilimbili, kwenye ukuta kwa kimo cha meza, si chini ambako waya utakwaza miguu ya watu. Ofisini waliniambia umeme utazidiwa. Kompyuta mpakato moja hula wati 65 hivi. Sita kwa pamoja hazifiki wati 400. Anayeangusha umeme ni mwenye pasi au hita ya maji, na huyo mkatazeni kwa jina la kifaa chake.

Kelele sikuzimaliza. Rafu zilizosimama katikati zilisaidia kidogo, basi.

Kilichokaribia kuharibu kila kitu ni karatasi iliyobandikwa mlangoni: USIHAMISHE MEZA. Nilikuta imewekwa kwa ombi la mama anayefanya usafi. Nikamfuata kumweleza kuwa meza zimetengenezwa ili zihamishwe. Akanisikiliza, akaegemea ufagio wake. "Mwanangu, mimi nafagia chumba, sipangi harusi." Alikuwa na haki. Kila asubuhi alikuta vurugu na hakuna aliyefikiria dakika zake. Tukakubaliana kwamba meza zitapangwa upya Ijumaa tu, na wapangaji ni viongozi wa wanafunzi. Siku nyingine anafagia zilipo. Karatasi aliibandua mwenyewe. Saa ya kufunga nayo ilisogezwa hadi saa sita usiku, baada ya barua tatu.

Fedha zote hatukuzimaliza, kwa makusudi. Tulitaka kuongeza vimbweta vinne uwanjani, na mchoro ulionyesha vikae kando ya lami, kwa mstari ulionyooka. Zege likishamwagwa halina kurudi, kwa hiyo kwanza tuliweka pale mabenchi mawili ya mbao, tukayaacha muhula mzima. Wanafunzi waliyahamisha mara tatu. Mara ya mwisho yaliishia upande wa mashariki wa mwembe, ambako kivuli huanguka kuanzia saa nane mchana, na ambako, niligundua baadaye, intaneti ya maktaba inafika. Lami wala mstari havikuwa karibu. Embe huwaangukia kila Desemba na hawajahama. Hapo ndipo tulipomwaga zege.