Picha kali sio kipimo: kwa mnaoanza kazi ya ramani za droni

Vijana mnaoingia kwenye ramani za droni hapa Unguja na Pemba, kuna jambo naliona linarukwa sana: picha haijui ukubwa wa kitu mpaka uiambie. Programu inaoanisha nukta zinazoonekana kwenye picha nyingi, inatafuta kamera ilikuwa wapi, inajenga umbo, na umbo likitoka zuri watu wanafurahi ramani inatumwa, kumbe yote imesogea mita mbili tatu maana GPS ya kawaida ya droni ndo uwezo wake huo. Mita mbili kwenye mpaka wa shamba la mikarafuu ni ugomvi wa ndugu, msichukulie hivi hivi.

Kwa hiyo wekeni alama ardhini, pimeni kwa RTK (GPS inayosahihishwa papo hapo), zifike pembeni, katikati, mlimani na bondeni. Nyengine zifichwe, programu isizitumie kabisa, mwisho ndo mnapimia kosa. Hizo zilizofichwa ndo ushahidi wenu.

Hesabu ya pikseli, yaani kijidoa kimoja cha picha, ni rahisi: lenzi ya milimita 8.8, pikseli ya maikroni 2.4, ukiruka mita 100 kila pikseli inafunika kama sentimita 2.7 chini. Usimuahidi mtu sentimita moja hapo.

Picha zipishane asilimia 75 hadi 80 kwa mbele, 60 hadi 70 ubavuni, kwenye minazi ongeza, maana kusi ikitikisa makuti picha mbili hazioni kitu kimoja. Bahari usiitegemee kabisa, maji hayatulii. Kwa mashamba ya mwani ya Paje au Jambiani nendeni bamvua maji yakishakupwa, vigingi vionekane, wala msingoje jua la utosini.

Mkikuta ramani ya zamani ya Arc 1960 (mfumo wa zamani wa kupima mahali Afrika Mashariki) mkaiweka juu ya WGS84 (mfumo wa GPS) bila kubadilisha, mtapishana karibu mita 300, japo zote zimeandikwa UTM zoni 37 kusini, yaani gridi ya ramani ya eneo letu!

Mazoezi yapo bure. Mradi ulioanza 2016, wa Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) pamoja na Benki ya Dunia, ulipiga picha visiwa vyote viwili, nyingi zipo OpenAerialMap, hazina ya wazi ya picha za angani mtandaoni, na WebODM, programu ya kugeuza picha kuwa ramani, haina malipo.

Na kabla ya kurusha, mbali na kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), nendeni kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Yeye atatuliza watu, na mara nyingi ndo anajua bikoni za zamani, zile alama za mipaka za wapima ardhi, zimefukiwa wapi.