Kofia ya mtoto imetoka na matundu: angalia maelekezo ni ya nchi gani

Dada wa Makambako, pole, na hongera kwa kufika hapo. Umesema umefuata maelekezo ya kofia ya mtoto ya kroshia mstari kwa mstari, dc (double crochet, aina ya mshono) kila mahali, na bado imetoka ndefu yenye matundu. Mkono wako hauna tatizo. Nadhani maelekezo ni ya Uingereza, na video uliyojifunzia ni ya Marekani: dc ya nchi hizo mbili ni mishono tofauti.

Kwenye dc ya Marekani unazungusha uzi kwenye sindano kwanza, ndipo unachoma. Ukishavuta uzi unapitisha kwenye vitanzi viwili, kisha viwili tena. Ya Uingereza huzungushi kwanza: unachoma, unavuta uzi, unapitisha kwenye viwili, basi. Inakuwa fupi na inabana. Ndiyo ileile Wamarekani wanayoiandika sc (single crochet), kwa hiyo ukiona sc popote kwenye karatasi, ujue ni ya Marekani, Waingereza hawaitumii. Tr (treble) ya Uingereza ni dc ya Marekani. Cheni haibadiliki.

Fumua tu, usiogope, uzi bado ni mzima. Anza na kipande cha sentimita 10 kwa 10, ukipime kabla ya kuendelea. Huku Mbeya baridi ya Juni haina huruma, na kwenu ni hivyo hivyo: hakikisha kofia inashuka hadi kufunika masikio.