Kufuli la keneli likikubana, tafuta kwanza linalinda nini

Ukiongeza prosesa kwenye seva na kazi ikabaki palepale, au ikashuka, mara nyingi ndani ya keneli (kiini cha mfumo endeshi) kuna kufuli linalogombaniwa, yaani kinga inayozifanya prosesa zingoje zamu kugusa data ya pamoja. Nimeshinda sana na matatizo haya kwenye Linux, na ushauri wangu ni mmoja: usikimbilie kulipasua kufuli liwe madogo mengi. Tafuta kwanza ni data ipi inayogombewa, na kwa nini kila prosesa inaihitaji.

Anza na vipimo. Amri ya perf lock contention, ya zana ya vipimo ya Linux iitwayo perf, itakutajia makufuli yanayosubiriwa zaidi na njia za msimbo zinazofika hapo. Kisha endesha perf c2c, ambayo wengi huiacha. Hii huonyesha mistari ya kache, yaani vipande vya kumbukumbu ya haraka ya prosesa, inayohamahama kati ya prosesa. Kwenye x86 mstari mmoja ni baiti 64, na nimewahi kukuta kufuli lisilo na kosa lolote ila limepangwa jirani na data inayosomwa na kila mtu. Kila lilipochukuliwa, wasomaji wote walipoteza nakala yao. Dawa ilikuwa kuvitenganisha tu.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni mmap_lock, kufuli la ramani ya kumbukumbu ya programu. Nyuzi (kazi zinazokwenda sambamba) za programu moja hutumia ramani moja ya kumbukumbu, na kwa miaka mingi kila uzi uliogusa ukurasa mpya ulipitia kufuli hilo. Lilishikwa kwa kusoma, yaani na wengi kwa pamoja, kwa hiyo ni rahisi kudhani halina gharama. Lakini hata msomaji huandika! Akiingia anaongeza hesabu ya wasomaji, akitoka anaipunguza, na kila badiliko linazinyang'anya prosesa nyingine mstari ule wa kache. Uzi mmoja ukiita munmap, ombi la kurudisha kumbukumbu, huo unataka kuandika, na wasomaji wanaofuata hujikuta wakiusubiri. Toleo la 6.4, mwaka 2023, ndilo lililoleta kufuli la kila eneo la kumbukumbu, na nyuzi zinazogusa maeneo tofauti zikaanza kupishana bila kukutana. Kama bado uko kwenye keneli ya zamani, punguza mmap (ombi la kuchukua kumbukumbu) na munmap: pandisha vikomo vya M_MMAP_THRESHOLD na M_TRIM_THRESHOLD vya glibc, maktaba ya msingi ya C, ili kumbukumbu itumike tena badala ya kurudishwa, au gawa kazi kwa michakato badala ya nyuzi. Nimeona seva ikipumua kwa hilo pekee, keneli haijaguswa.

Kubadili aina ya kufuli kunasaidia pia, ila ujue kunasaidia nini. Mwaka 2008 Linux ilianza kutumia makufuli ya namba, kama foleni ya benki ambapo wote wanatazama kibao kimoja. Haki ilipatikana, lakini kila kufuli lilipoachiwa, wote waliosubiri walikimbilia mstari uleule wa kache. Watafiti wa MIT walionyesha mwaka 2012 kwamba prosesa chache za ziada zinaweza kuporomosha kasi ya mfumo mzima kwa makufuli ya namna hiyo. Toleo la 4.2, mwaka 2015, likaleta foleni iliyojengwa juu ya wazo la MCS (kufuli la foleni la Mellor-Crummey na Scott) la mwaka 1991: kila anayesubiri huangalia mahali pake mwenyewe. Mporomoko unazuilika. Kasi haiongezeki, maana anayeingia bado ni mmoja mmoja.

Kasi hutoka kwenye kutokutana. Data inayosomwa sana na kubadilishwa kwa nadra, ipe RCU (read-copy-update), njia ya kusoma bila kufuli, iliyomo kwenye Linux tangu 2002. Msomaji wake haandiki popote panapogawanwa. Kubali tu kwamba anaweza kuona thamani ya zamani kidogo, na kwamba kumbukumbu haifutwi hadi wasomaji waliotangulia wamalize. Hesabu za takwimu zigawe kwa kila prosesa, lakini kagua ni nani anayeomba jumla: akiiomba kwenye kila operesheni, tatizo umelihamisha tu.

Na andika kando ya kila kufuli ni data gani linalinda. Lile kufuli kuu la Linux (Big Kernel Lock), moja kwa ajili ya keneli nzima, liliingia mwaka 1996 na toleo la 2.0, likaondolewa kabisa mwaka 2011 katika 2.6.39, na sehemu ngumu ya kuling'oa ilikuwa kujua kila mahali lilikuwa likilinda nini. Lockdep, kikaguzi cha makufuli cha keneli, itakukamatia mpangilio mbaya wa makufuli. Iwashe kwenye keneli ya majaribio, kisha izime kabla ya kupima kasi, kwa sababu yenyewe ni nzito.