Mama anatimiza miaka 65: wakala wa bima na Medicare

Dada, nimekuelewa: mama anatimiza miaka 65 mwezi wa tano hapo Houston, wakala wa bima wa kujitegemea anataka asaini mpango wa Medicare (bima ya afya ya serikali ya Marekani, hasa kwa wazee), nawe una wasiwasi.

Kwanza tarehe. Ana miezi saba ya kujiandikisha: mitatu kabla ya mwezi wa kuzaliwa, mwezi wenyewe, na mitatu baadaye. Akichelewa kujiandikisha Sehemu B (ile inayolipia madaktari) bila bima ya kazini, ada yake ya Sehemu B itaongezwa asilimia 10 kwa kila mwaka mzima aliokosa, na nyongeza hiyo haiishi.

Wakala huyo ana faida, maana hafungwi na kampuni moja. Mama hamlipi kitu. Kamisheni inatoka kwa kampuni za bima. Ndiyo maana lazima mumuulize anauza za nani, na za nani hana. Tulipomwandikisha baba, nilibeba mfuko wake wa dawa, tukasoma kichupa kimoja kimoja. Dawa ya presha haikuwamo kwenye mpango tuliokuwa karibu kusaini! Fanyeni hivyo, na daktari wake mumtafute kwenye orodha ya madaktari wa mpango huo.

Mama akienda Mombasa, kwa kawaida Medicare hailipi matibabu ya huko. Baadhi ya mipango ya Medigap (bima ya kampuni binafsi inayojazia pale Medicare isipolipa) husaidia dharura safarini. Na kwa miezi sita tangu Sehemu B ianze, kampuni za Medigap haziwezi kumkataa kwa sababu ya ugonjwa. Tafadhali nafasi hiyo isimpite.

Kabla ya kusaini, pigieni SHIP ya jimbo lenu (huduma ya ushauri wa Medicare); ushauri ni bure, hawauzi kitu. Kama hajafanya kazi Marekani miaka 10, anzeni na ofisi ya Social Security (hifadhi ya jamii ya serikali), muulize anastahili nini.