Usiformat hiyo external eti kwa sababu search imesema hakuna

Hebu acha kwanza mkuu, toa mkono kwenye mausi. Umeandika hapo juu kwamba laptop ya ofisi huko Lindi imekuwa nzito, fundi kakwambia uzime indexing (ile kazi ya Windows kuorodhesha mapema yaliyomo kwenye mafaili), umesearch majina ya wateja kwenye external (hard disk ya nje) ya zamani haijaleta kitu, kwa hiyo jioni unaiformat. Usiiguse.

Mimi nina steshenari hapa Mtwara mjini. Kuna mzee wa Nanyamba alikuja kuchapisha makubaliano ya kuuziana shamba la mikorosho, kijana wa dukani akachapa, akaprinti, akasevu kwa jina "Document3 mpya". Ndo zao hao. Siku external imejaa nataka kuisafisha, nikasema ngoja niangalie kwanza kazi za maana, nikaandika jina la ukoo la yule mzee kwenye kiboksi cha search pale juu kulia. Kile kimstari cha kijani kikatambaa taratiiibu mpaka mwisho, jibu hakuna. Nikaandika jina la kijiji, hakuna. Nikaridhika kabisa, nikaformat, nikajaza muvi.

Msimu wa korosho ulipofika ukazuka ugomvi wa mpaka, na nakala ya mzee imeshaliwa na mchwa. Akaja, akakaa kwenye benchi la wateja, akaniambia "mwanangu, si ulisema kikikaa kwenye kompyuta hakiozi?" Hakikuoza kweli babu, kimelaliwa na muvi za Kikorea. Ukiformat ile ya haraka data zinakuwa bado zipo chini, zinaweza kuokolewa mpaka pale kitu kingine kitakapoandikwa juu yake, na mimi nilishaandika juu yake msimu wa kwanza mpaka wa mwisho. Nikaituma Dar kwa watu wa kurecover, hela ikaenda, ikarudi na vipande vya muvi. Mzee ikabidi aanze kutafuta mashahidi wa mauziano mmoja mmoja, wengine washahamia Masasi huko, na nauli unadhani nani alitoa.

Sasa sikia. Faili lilikuwepo muda wote. Windows ikitafuta sehemu ambayo haina index, kwa kawaida inaangalia MAJINA ya mafaili tu, ndani haifungui. Jina la mzee lilikuwa ndani, nje imeandikwa Document3. Index ni kama daftari la mtunza ghala: kompyuta inapita mapema, inafungua kila faili, inaandika neno fulani lipo kwenye faili lipi na lipi, ukiuliza inasoma daftari haifungui magunia. Ndo maana jibu linakuja chap na linajua mpaka yaliyomo. Ila daftari hilo kwa kawaida linahusu Documents, Desktop, Pictures na vitu kama hivyo vya akaunti yako, external haimo mpaka uiongeze mwenyewe. Tena hata ukiiongeza subiri imalize kuandika, ukiuliza ikiwa katikati inakupa nusu ya ukweli.

Na fundi wangu, yule ambaye malaria, kisukari, vyote dawa yake ni kupiga windows upya, ndiye aliyenizimia servisi ya Windows Search, ile inayoandika hilo daftari, kwenye laptop "inakula RAM bosi", nikamuuliza sasa search itafanya kazi, akasema itafanya, itachelewa tu kidogo. Itachelewa tu! Hakusema kwamba itaacha kuangalia ndani. Kuchelewa ningevumilia bana, nimezoea, nasafiri na mabasi ya Kusini. Wako naona kasoma chuo kimoja na wangu.

Kwa hiyo search ikikujibu hakuna, jiulize imetazama wapi na imetazama nini, kabla ya hapo usifute hata faili moja. Fungua Folder Options, tabu ya Search, tiki pale pa kutafuta majina na yaliyomo kwenye sehemu zisizo na index, kisha tafuta upya. Itachukua muda kwelikweli maana sasa inafungua faili moja moja, iache ukale pweza. Kuna watu watakuja hapa kukwambia weka Everything, ile programu ya kutafutia mafaili, ni nzuri sana, inasoma orodha ya mafaili ya diski yenyewe moja kwa moja ndo maana ina spidi, ila spidi hiyo ni ya majina, Document3 itabaki Document3.

Na zile PDF ulizoskani, hizo ni picha, ndani hamna neno hata moja la kutafuta mpaka zipitishwe kwenye programu ya OCR, ile inayosoma maandishi kwenye picha, kwa hiyo hizo zifungue kwa macho yako.

Wewe sema kwanza, ushabonyeza format au bado? Kama ushabonyeza ichomoe sasa hivi na usiweke kitu humo, hata wimbo mmoja.